Kamba Hii Inavuta Nini? Mwongozo wa Kuyasoma Majina ya Kamba za Merikebu za Matanga

Merikebu yangu ya kwanza ya mfano niliiharibu kwa sababu ya neno moja. Mchoro ulikuwa na mshale, na kando ya mshale pameandikwa shiti. Sasa, hapa Kampala mtu akikutajia shiti unajua anazungumzia shuka la kitandani. Nikakata vitambaa viwili vyeupe, nikavibandika kwenye pembe za tanga kama mapambo ya harusi, nikaridhika. Wiki iliyofuata akapita mzee jirani yetu wa Kibuli, mtu wa Lamu aliyeoa huku na kuzeekea huku. Nikamwamkia, nikamkabidhi kazi yangu aione. Aliinua merikebu hadi usawa wa macho, akacheka mpaka akatafuta pa kuketi.

"Mwanangu, hii si nguo, hii ni kamba. Sisi twaiita demani. Ndiyo inayoshika pembe ya tanga lisikukimbie."

Mzee hakujua hata jina moja la Kiingereza, na chombo chenyewe kilikuwa cha Kizungu chenye milingoti mitatu, si jahazi. Lakini kila kamba aliyoifuata kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, alinieleza kazi yake. Tangu hapo ndivyo ninavyowafundisha vijana wanaokuja karakana yangu: kamba iulize kazi kwanza, jina baadaye.

Michoro ya merikebu za kale tunayoipata huku imejaa Kiingereza. Hapa nitayaandika majina hayo kama fundi wa Katwe anavyoyatamka, uyatambue kwa sikio utakapoyaona. Pale mabaharia wa Pwani walipo na neno lao, nitalitanguliza hilo. Na ukiulizwa mtu wa nchi isiyo na bahari anatafuta nini kwenye matanga, jibu unalo: mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa letu la Victoria kwa Lady Alice, mashua ya futi 40 yenye tanga, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo.

Hatua ya 1: Tenganisha zinazoshika na zinazovutwa

Peleka mchoro Nasser Road wakuchapie nakala kubwa, A2 ikiwezekana, maana karatasi hii utaichafua. Tafuta kalamu mbili za rangi, nyeusi na ya kahawia.

Kamba zinazoshika, ambazo mchoro huziita standingi rigingi, huzuia milingoti isianguke. Zikishakazwa hazisogezwi kila siku. Zilipakwa lami ya msonobari zisioze, na ndiyo sababu kwenye mfano huwa nyeusi au kahawia iliyokolea sana. Zinazovutwa, raningi rigingi, ni zile ambazo mabaharia walizishika usiku na mchana: kupandisha, kushusha, kugeuza, kukunja. Hizi hupita kwenye makapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, na rangi yake ni ya katani iliyozeeka juani.

Usikisie. Weka ncha ya kalamu juu ya kamba na uifuate hadi miisho yake yote miwili. Mwisho mmoja ukitua kwenye kigingi cha kufungia au kwenye nguzo ya sitahani, hiyo inavutwa, ipake kahawia. Miisho yote ikiwa imefungwa moja kwa moja, paka nyeusi. Jioni mbili tatu zitakwisha hapo, na mwanzoni utaona kama unapoteza muda.

Shauri langu: usianze na HMS Victory. Kila anayeingia kwenye kazi hii anaitaka, kwa kuwa ndiyo merikebu ya vita ambayo amirali Mwingereza Nelson alifia ndani yake kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Kamba zake huhesabiwa kuwa karibu maili 26. Ukizinyoosha kutoka Kampala mjini utafika Entebbe na nyingine ibaki mkononi. Anza na chombo cha milingoti miwili.

Hatua ya 2: Jua anwani

Mlingoti wa bendera shuleni ni mti mmoja. Mlingoti wa merikebu kubwa ni miti iliyopandishana, wa juu ukilalia wa chini kwa kupishana kidogo na kufungwa. Wa chini kabisa ni loa masti. Juu yake topumasti. Juu ya huo topugalanti masti, na mara nyingine roialo juu ya yote.

Mtego wa kwanza uko hapo. Topumasti si ya juu kabisa, ni ya pili kutoka chini. Zamani vipande vilikuwa viwili, cha juu kikaitwa cha juu; baadaye wakaongeza kingine na jina likabaki pale pale. Na neno topu likisimama peke yake si mlingoti wala tanga, ni lile jukwaa dogo la mbao pale kipande cha chini kinapokutana na cha pili.

Milingoti yenyewe, ukitoka omo kwenda tezi, ni foo, yaani wa mbele. Meini, yaani mkuu. Na mizeni, wa nyuma. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Wengi wetu maneno haya tunayajua kwa methali tu, kwamba kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, bila kuwahi kuona ngama ambako maji hukusanyika chini ya chombo. Chombo cha milingoti miwili kiitwacho brigi kina foo na meini tu.

Mti wa kulala unaobeba tanga ni foromali. Mchoro utaandika yadi. Matanga yanaitwa kwa ghorofa zile zile: la chini koosi, kisha topuseli, topugalanti, roialo. Kwenye merikebu za nusu ya pili ya karne ya 19, kama Cutty Sark iliyoshushwa majini mwaka 1869, topuseli imegawanywa matanga mawili, loa topuseli na apa topuseli, ili mabaharia wasipambane na kitambaa kimoja kikubwa mno.

Hatua ya 3: Soma jina kinyumenyume

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kiingereza hupanga maneno foleni na kuliweka lenye kazi mwishoni kabisa. Sisi tunaanza nalo: kamba ya kitu fulani, ya mahali fulani. Kwa hiyo ukikutana na jina refu, shika neno la mwisho, kisha rudi nyuma ukiweka "ya". Kazi za breisi, stei na henza zinakuja hatua ya 4 na ya 5.

Foo topugalanti breisi: breisi ya topugalanti ya mlingoti wa mbele.

Meini topumasti stei: stei ya kipande cha pili cha mlingoti mkuu.

Hata lile linalowatisha wote, meini topumasti steiseli haliadi, linalegea: henza ya tanga linaloning'inia kwenye stei ya kipande cha pili cha mlingoti mkuu. Ni refu, lakini halina fumbo. Neno la mwisho ndilo kamba, mengine yote ni anwani, kama unavyomwelekeza bodaboda: jengo, mtaa, kilima. Maneno ya anwani ni machache: foo, meini, mizeni, na zile ghorofa nne. Ongeza potu, upande wa kushoto ukiwa umeelekea omo, na staabodi, upande wa kulia, kwa sababu karibu kila kamba ina pacha yake upande wa pili. Kinachobaki ni kujifunza maneno ya kazi yasiyozidi kumi na tano.

Hatua ya 4: Zinazoshika

Mlingoti unaweza kuanguka pande nne, basi una kamba za kila upande.

Shraudi ni zile zinazoushika ubavuni, kulia na kushoto. Ni zile zinazofanana na ngazi, ambazo watoto huchora hata wasipojua kingine chochote kuhusu merikebu. Vidato vyake ni ratilini. Stei hutoka juu ya mlingoti kwenda omo, kuuzuia usianguke nyuma. Bakistei hushuka kutoka vipande vya juu kwenda ubavuni nyuma kidogo ya mlingoti, kuuzuia usilale mbele upepo unaposukuma matanga.

Shraudi hazifungwi moja moja. Kamba moja hukunjwa katikati, kitanzi kikavishwa kichwa cha mlingoti, miguu miwili ikashuka upande mmoja. Kwenye merikebu za Kiingereza jozi ya kwanza ni ya kulia, ya mbele kabisa. Ya pili ni ya kushoto, ya mbele. Kisha unapokezana ukirudi nyuma. Ukifuata utaratibu huu vitanzi vitakaa vizuri juu ya kila kimoja, na mlingoti hautavutwa upande. Stei huvishwa baada ya shraudi. Mimi niliwahi kuanza na stei kwa kuwa ilikuwa rahisi, nikalazimika kukata kila kitu siku ya nne.

Chini, kila shraudi inaishia kwenye dedai, kigurudumu cha mbao chenye matundu matatu. Chini yake kuna dedai nyingine iliyoshikwa ubavuni mwa merikebu, na kamba nyembamba hupita kati ya mbili hizo ili kukaza. Vifungo vya shati havifai. Vina matundu mawili au manne na jicho la mtu anayejua litaona mara moja. Toboa mwenyewe kutoka kijiti cha mviringo cha mti mgumu. Tundu la pekee la dedai ya juu huelekea juu, la dedai ya chini huelekea chini, hivyo matundu mawili mawili yanatazamana. Ya chini ukiitazama vizuri ni kama uso: macho mawili na mdomo.

Ratilini hufungwa kwa fundo la mizunguko miwili linalojibana lenyewe kwenye kila shraudi, isipokuwa mwanzo na mwisho ambapo kuna kitanzi kidogo kilichoshonwa. Kwenye merikebu halisi kidato na kidato vilipishana inchi 13 hadi 15, hatua ya mtu anayepanda kwa haraka. Kwa kipimo cha 1:100 hiyo ni kama milimita 3.3 hadi 3.8. Waanzaji huziweka mbali mbali ili wamalize mapema, na merikebu nzima inakuwa kama ya majitu.

Hatua ya 5: Jenga tanga moja la mazoezi

Hatua hii usiiruke. Zinazovutwa hazifunziki kwenye karatasi, kwa sababu zinaeleweka zikivutwa.

Chukua kipande cha ubao, Ndeeba wana mabaki mengi. Simamisha kijiti kinene kama penseli. Foromali itakuwa kijiti cha mishikaki, tanga litakuwa leso ya pamba, makapi yatakuwa shanga, na vigingi vya kufungia vijiti vya kuchokolea meno. Toboa safu ya matundu chini ya mlingoti na safu nyingine kila upande wa ubao. Sasa ongeza kamba moja moja, na kila moja ivute kabla hujaenda kwa nyingine.

Henza kwanza, mchoro huita haliadi. Inashika katikati ya foromali, inapita kwenye ushanga juu ya mlingoti, inashuka kigingini. Vuta, foromali inapanda.

Foromali yako sasa imeinama upande mmoja. Ndipo unapoona haja ya lifti: kamba mbili kutoka ncha za foromali kwenda juu ya mlingoti na kushuka. Zinasawazisha.

Puliza kutoka pembeni. Foromali inazunguka ovyo. Funga breisi kwenye ncha zote mbili, ziende nyuma. Vuta ya kulia, ncha ya kulia inarudi tezi na tanga zima linageuka. Kwenye mizeni breisi nyingi huelekea mbele, kwa kuwa nyuma hakuna mlingoti wa kuzishika. Nimeona mifano ya bei kubwa iliyokosea hapo.

Sasa demani, ile shiti iliyonitia aibu. Inashika pembe ya chini ya tanga. Kwa topuseli inavuta pembe hadi ncha ya foromali iliyo chini yake. Kwa koosi hakuna foromali chini, basi demani inakwenda nyuma ubavuni, na kwenye pembe ile ile inafungwa kamba ya pili inayokwenda mbele. Hiyo ni joshi. Mchoro utaandika taki.

Tuchelewe kidogo hapa. Mbona pembe moja ina kamba mbili zinazopingana? Kwa sababu hazivutwi kwa pamoja. Upepo ukija kutoka kulia, pembe ya kulia inapelekwa mbele kwa joshi, na ya kushoto inarudishwa nyuma kwa demani. Upepo ukigeuka, kazi zinabadilishana. Mzee aliponieleza hivi nilikumbuka kwamba watu wa Pwani huuita upande upepo unakotoka upande wa joshi, na upande upepo unakokwenda upande wa demani. Pande za chombo zimechukua majina ya kamba zinazofanya kazi upande huo. Ukilishika hilo hutazichanganya tena, hata mchoro ukiwa umechapwa vibaya. Angalia tu neno taki lisikuchanganye: kwa Kiingereza ni kamba, ni pembe ya tanga, na pia ni kitendo cha kugeuza chombo kuukabili upepo, ambacho sisi tunakiita kubisha.

Zinazobaki ni za kukunja. Klulaini huinua pembe za chini hadi kwenye foromali; kwa koosi huitwa klugaaneti, kazi ile ile. Bantilaini hushuka mbele ya tanga na kuinua ukingo wa chini, lichilaini huinua kingo za pembeni. Bolaini huvuta ukingo wa pembeni kwenda mbele ili tanga lisipigepige chombo kinapobisha. Vuta zote za kukunja kwa pamoja uone leso inavyojikusanya. Mtoto wangu wa miaka tisa alicheza na ubao huu mchana mmoja, na jioni alikuwa akinisahihisha.

Ukijenga mfano usio na matanga, foromali za topuseli na za ghorofa za juu zinapaswa kukaa zimeshushwa, si juu kabisa, kwa kuwa zilipandishwa tu tanga lilipofunguliwa. Ya koosi hubaki mahali pake. Na bantilaini mimi siziweki kwenye mifano ya aina hiyo, ingawa wapo watakaokununia.

Hatua ya 6: Unene wa kamba

Vitabu vya kale hutaja ukubwa wa kamba kwa mzingo wake, si kwa upana. Kamba ya inchi 10 haina upana wa inchi 10. Ndio urefu unaoizunguka. Gawanya kwa 3.14. Inchi 10 ni milimita 254, gawanya, unapata upana wa milimita 81 hivi. Kwa 1:100 unahitaji uzi wa milimita 0.8. Asiyejua hili huweka kamba nene mara tatu.

Uzi upime kwa kuuzungusha kwenye kijiti, mizunguko ikigusana, hadi ujaze milimita 10. Ukihesabu mizunguko 20, uzi wako ni milimita 0.5.

Nyuzi za fundi cherehani za poliesta zinafaa sana na zipo tele Kikuubo. Ule uzi wa nailoni wa kuvulia, unaong'aa, uache kwa wavuvi wa Ggaba: unavutika, unakataa fundo, unametameta kama utando wa buibui. Uzi wa pamba hutoa manyoya na hubadilika na unyevu. Msimu wa mvua utaona kamba zimekaza, kiangazi zimelegea. Wowote utakaochagua, upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Fundo lifunge kwa tone la gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, si ile gundi kali ya papo hapo, ambayo huufanya uzi ukauke na kukatika.

Hatua ya 7: Ramani ya vigingi

Kabla ya kufunga kamba yoyote inayovutwa kwenye merikebu yenyewe, chora sitaha ukiitazama kutoka juu na uvipe vigingi namba. Kuna mantiki: kamba za matanga ya chini hufungwa mbele zaidi kwenye safu ya ubavuni, za ghorofa za juu hufuata nyuma, na nyingi zinazoshuka sambamba na mlingoti huishia kwenye safu inayouzunguka mguu wake. Baharia alipaswa kuipata kamba gizani, kwa mkono, mvua ikinyesha. Jaza vigingi kuanzia vya katikati na vya ndani, ukitoka nje, la sivyo vidole vyako vitakosa njia.

Kamba iliyobaki haiachwi. Kila kigingi kina mduara wa kamba uliotundikwa juu yake. Usiutengeneze pale pale. Zungusha uzi kwenye misumari miwili mbali na merikebu, uloweshe kwa maji na gundi kidogo, na kabla haujakauka uvute chini kwa kibanio, kwa sababu kamba halisi ina uzito na hushuka wima. Ukikauka, utundike kwa koleo ndogo, kata mkia.